Indiketa ya Kushoto

Mejumaa mwanangu,

Wewe na mamako mmekwenda Waa kumuaga bibi yako, na mimi nimebaki nyumbani nikisingizia goti. Goti halina neno. Nimebaki nikuandikie, kwa sababu kesho asubuhi sitakusindikiza kwenye basi, na sababu yake siwezi kukueleza huku nakutazama usoni. Nimejaribu tangu Alhamisi. Kila ukiniuliza nina nini nasema ni joto, nawe unaniletea maji ya kunywa.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji na ya kutofungulia mtu mlango usiku, mamako ameyasema mpaka mimi nayajua yote kwa moyo, na wala si mimi ninayekwenda kazini Nakuru. Sina la kuongeza hapo. Ninalotaka kukueleza ni jambo nililolifanya mimi, ulijue kwa mkono wangu kabla hujalisikia kwa watu, maana kesho watu watalijua.

Nianze na hiyo Alhamisi. Ulikuja na ile pikipiki ya umeme ya hao waliokuajiri, umeipaki mlangoni, meno yote nje, ukaniambia, "Baba, zunguka nayo." Nilipanda kwa dharau kidogo, nakuambia kweli. Pikipiki isiyonguruma naiona kama ina homa. Nikatoka Timbwani, nikafika barabara kuu, nikawasha indiketa ya kushoto, nikakata kona. Pikipiki iliponyooka, kidole gumba changu kikaenda chenyewe kuzima taa, na kikakuta imeshazimika.

Nikadhani imekufa. Nikageuza, nikajaribu tena, kulia, kushoto, mara nne. Kila nikimaliza kona, taa inazimika bila mimi kuigusa. Nikarudi nyumbani nikakuambia pikipiki yako mbovu, nawe ukacheka. Ukanieleza kwamba ndani mna kidude kinachohisi pikipiki ikilalia kwenye kona, na ikishasimama wima kinazima taa chenyewe. Ukasema, "Watu husahau, Baba. Hiki hakisahau." Hapo ndipo nilipokaa barazani, na wewe ukaniuliza kama nimeona jini. Nilitamani ningekuwa nimeona jini.

Wewe unaijua hadithi ya ajali yangu na Katana, baba yake Dama. Umekua nayo. Katana alitoka njia ya pembeni bila kuangalia, akaniingilia mbele, nikamgonga, akavunjika mguu, na alipoulizwa akazua kwamba aliona indiketa yangu inawaka. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa kwenye kituo chetu cha bodaboda na hivyo ndivyo nilivyokusimulia wewe. Sasa nakusimulia ilivyokuwa.

Mwaka ule ulikuwa na miaka kumi na miwili. Katana alikuwa mwenzangu wa kituo kimoja, na alikuwa rafiki yangu. Nikiwa na abiria wa mbali yeye ndiye aliyewapeleka skuli, wewe na Dama, mmebanana nyuma yake mnagombania nani ashike shati. Alikuwa mwendeshaji mzuri kuliko mimi. Wateja walikuwa wakimngoja yeye hata mimi nikiwa nimekaa bure, na jambo hilo lilikuwa likiniuma, ingawa nilikuwa nacheka naye kila siku.

Siku ile ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Nilitoka Timbwani bila abiria, nikawasha indiketa ya kushoto, nikaingia barabara kuu nikaelekea upande wa Ukunda. Pikipiki yangu ya wakati ule, ukishaisukuma swichi kushoto hubaki kushoto mpaka uirudishe katikati kwa kidole. Sikuirudisha. Hapo awali ilikuwa na kidude kinacholia pi-pi-pi taa ikiwaka, lakini wenzangu walikuwa wakinitania kwamba nikikata kona nasikika kama lori linalorudi nyuma. Nami unanijua, sipendi kutaniwa mbele ya abiria. Nikaukata ule waya kwa meno. Basi nikawa naenda kimya, moja kwa moja, na kwa jua lile hata taa yenyewe sikuiona, ilhali mbele na nyuma ilikuwa inamwambia kila mtu kwamba nakata kushoto.

Katana alikuwa amesimama kwenye ile njia inayotoka skuli, upande wa kushoto, anangoja nafasi. Akaona pikipiki inakuja, indiketa ya kushoto inawaka. Akajua naingia njia ile ile aliyosimama yeye, kama ambavyo mtu yeyote angejua, akatoka. Nikampiga ubavuni.

Sasa soma taratibu. Nilianguka nikainuka. Sikuumia ila viganja. Pikipiki yangu ilikuwa imelala, na ile taa ilikuwa bado inawaka na kuzima. Katana alikuwa chini ya pikipiki yake anaita mama yake. Watu walikuwa wanakuja mbio kutoka madukani. Na mimi, kabla sijamwendea, niliinama nikairudisha swichi katikati. Ni kidole hiki hiki kinachoshika kalamu. Baada ya hapo ndipo nikaenda kumwinua mwenzangu.

Kwa miaka kumi na mmoja nimejiambia kwamba yalikuwa ni mazoea, kwamba kidole kilikwenda chenyewe kama kinavyokwenda siku zote. Alhamisi, niliposhika pikipiki yako na kidole kikaenda chenyewe kweli, nikajua tofauti. Mazoea hayainami, Mejumaa. Mazoea hayatazami kwanza kama watu wamefika. Mimi nilitazama. Nilishtuka barazani pale kana kwamba nimemfuma mtu mwingine anafanya jambo lile, kisha nikamgeuza uso nikakuta ni mimi.

Desturi ya kituo chetu unaijua. Wanachama wawili wakigongana, kabla ya mambo kwenda mbali tunakaa benchini tunasikilizana. Tulikaa wiki mbili baadaye, Katana ameletwa na magongo. Akasema aliona indiketa yangu ya kushoto. Mwenyekiti wa wakati ule, Mungu amrehemu, akawauliza waliofika mwanzo swichi yangu ilikuwa wapi. Watatu wakasema ilikuwa katikati, nao walisema kweli, ndivyo walivyoikuta. Akanigeukia mimi. Nikamjibu, "Mmesikia wenyewe." Sikusema haikuwaka. Nimelishikilia neno hilo miaka yote hii, kwamba mimi sikusema uongo, nilisema tu mmesikia wenyewe, na leo nikiliandika naona haya hata mbele ya karatasi.

Mwenyekiti akamwambia Katana, "Baba Dama, uliota mchana." Watu wakacheka, si kwa ubaya, walikuwa wamechoka na kikao. Katana hakubishana. Alivua ile fulana ya kituo yenye namba yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi. Kisha akanitazama, na mimi nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Kuna linalokuhusu wewe, nami nisingependa kuliandika. Wiki ile ulirudi kutoka skuli umepasuka shati, umepigana na Dama. Mlikuwa mnakaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Mamako alipokuuliza ukasema Dama amesema babako ni muongo, nawe ukamjibu kwamba babake yeye huota mchana, na darasa zima likaanza kumwimbia. Nilikuwa nimekaa pale pale nakunywa chai. Nilikuita, ukaitika abee, ukaja ukasimama mbele yangu ukingoja nikugombeze. Nikakwambia vizuri sana kumtetea babako. Dama alihamishwa skuli muhula uliofuata, na hujawa na rafiki kama yule tena, nimeona mwenyewe.

Mwenyekiti alipofariki walinichagua mimi. Wewe ulipika pilau siku ile. Nimekuwa mwenyekiti miaka minane, na kila vijana wakigongana, swali langu la kwanza ni lile lile: swichi ilikuwa wapi? Nimelifanya kuwa sheria. Watu wanasema mzee huyu ana haki, haangalii uso wa mtu. Wallahi nilikuwa naanza kuliamini.

Basi leo baada ya swala ya adhuhuri nilikwenda Mtongwe. Katana na mkewe Kadzo wana kinu cha kusaga mahindi huko, chumba kimoja cha mabati, kila kitu kimekuwa cheupe kwa unga. Nilikuwa sijakanyaga hapo hata siku moja. Kadzo aliponiona akasita, kisha akaniletea kiti kama inavyopasa, akapangusa vumbi. Katana akamaliza kwanza mahindi ya mama mmoja mteja, akazima mashine, akaja kukaa juu ya gunia. Alitembea sawasawa kabisa. Hilo nililiona nikalishangaa, lakini sikuwa na nafasi ya kulifikiria.

Nikamweleza. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima na yakatoka yote mafupi. Nikamwambia indiketa ilikuwa inawaka, na mimi ndiye niliyeizima watu hawajafika. Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Nilikuwa nimejiandaa anipige, na nilikuwa nimeamua sitauinua mkono.

Akaniuliza, "Ilikuwa inawaka?"

Nikamwambia ilikuwa inawaka.

"Ya kushoto?"

"Ya kushoto."

Akauliza tena, maneno yale yale, nami nikajibu yale yale. Akauliza mara ya tatu. Kisha akamwita mkewe aliyekuwa nje, sauti imekauka, "Kadzo, njoo usikie hapa. Ilikuwa inawaka." Na Kadzo akakaa chini pale pale sakafuni, kwenye unga, akajifunika uso kwa leso akalia.

Mimi nikadhani wanalilia mguu. Nikaanza kusema pole ya mguu. Katana akanikatiza. "Mguu ulipona zamani, Baba Meju. Mimi siumwi mguu."

Kadzo ndiye aliyenieleza, maana mwenzake alikuwa anatazama ukuta tu. Walipomwambia ameota mchana, Katana alikuwa na hakika ya alichokiona, lakini swichi ilikuwa katikati na watu watatu wamesema. Na mimi, rafiki yake, sikumtetea, naye alijua mimi nisingemfanyia hivyo. Aliniamini mimi kuliko macho yake. Basi akaona kasoro ni yake. Akaenda kupimwa macho, akaambiwa ni mazima. Akaenda pengine, akaambiwa hivyo hivyo, na hiyo ikamtisha zaidi, kwa sababu kama macho ni mazima basi ugonjwa uko kichwani. Wakamwombea kanisani. Mguu ukapona, akapanda pikipiki mara moja, akafika kwenye makutano, akasimama. Magari yanapiga honi nyuma yake na yeye hawezi kutoka, hajui kama anachokiona kipo. Akaisukuma pikipiki kwa mkono mpaka nyumbani, na wiki ile akaiuza.

Mejumaa, mpaka leo mtu yule havuki barabara peke yake. Anasimama kando anangoja mtu mwingine avuke ndipo amfuate nyuma. Nami nimemwona. Nimepita na abiria wangu mara ngapi nikamwona amesimama pale kando, mzima, barabara nyeupe haina gari, naye hajivuti. Nikawa nasema mguu umemgomea. Kuna siku nilisema hivyo kituoni, tukacheka.

Sijui nikuandikie vipi nilivyokuwa nimekaa kwenye kiti kile. Nilikwenda nikidhani nimemvunja mguu na kumnyang'anya namba ya kituo, na hayo nilikuwa nimeshayapima, nimeshayazoea, nikaona naweza kuyabeba. Sikujua kabisa kwamba nilichomnyang'anya ni macho yake. Na wakati wote neno lililokuwa linatakiwa ni moja tu, lingeweza kusemwa siku yoyote, hata njiani tukipishana. Ilikuwa inawaka. Basi. Mpaka sasa nimeduwaa.

Nikamwomba radhi. Akasema radhi niiweke kwanza. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaka mambo yaende kwa mpango. Akaniuliza kama kikao cha kituo bado ni Jumapili saa moja, kabla wenzetu hawajaenda kanisani. Nikamwambia bado. Akasema, "Nenda ukaseme pale pale waliponiambia naota. Mimi nitakuwepo. Kisha tutazungumza hayo ya radhi."

Nikamwambia kesho mwanangu anasafiri, nami nilikuwa nimsindikize. Nilisema hivyo, mwanangu. Hata pale, baada ya yote niliyoyasikia, bado nilikuwa natafuta mlango wa kutokea, na wewe nikakufanya kisingizio. Katana akanitazama. Akasema ni sawa, kuna Jumapili nyingine. Ni lile neno "ni sawa" lililonimaliza, lilivyomtoka kirahisi, kama mtu aliyezoea kuambiwa angoje. Nikamwambia kesho.

Basi ndiyo sababu sitakuja nawe kwenye basi.

Ulipotaka kusoma ufundi nilikukatalia mwaka mzima, nikasema msichana na spana wapi na wapi, kashone. Nilikuwa nimekosea, na nilipoona umekosa usingizi kwa raha siku ulipoifungua injini ya kwanza, nilijua nimekosea, wala sikukwambia. Nakwambia leo. Naona ndiyo tabia yangu. Nikikosea huwa nangoja lipoe, na likishapoa naona si lazima tena.

Huko Nakuru utakuwa unafunga hivyo vidude kwenye pikipiki za watu. Vifunge vizuri. Na ipo siku nawe utakosea, pikipiki ya mtu itaharibika mkononi mwako na hakuna aliyekuona. Sitakwambia la kufanya, sina uso wa kukwambia. Nitakwambia tu hesabu yangu mimi ilivyokuja. Siku ile, kama ningeliinuka pale chini nikasema ilikuwa inawaka nilisahau kuizima, ningelikuwa mtu aliyesahau indiketa. Kila mwendeshaji wa Likoni amewahi kusahau indiketa. Wangenitoza faini, wangenitania mwezi mmoja, ingeisha.

Mamako nitamweleza usiku huu, mkirudi, kabla hajasikia kwa jirani. Kwake nitasema kwa mdomo. Wewe nimekuandikia kwa sababu macho yako siyawezi. Tangu mdogo ukinitazama unanitazama kama mtu asiyekosea, nami nimeishi humo kama mtu aliyehamia nyumba isiyo yake. Naogopa sana kutoka. Sikufichi, naogopa zaidi utakavyonitazama wewe kuliko vijana wote wa kituo wakinicheka pamoja. Fulana yangu nitaivua mwenyewe, wasipate taabu ya kuniambia. Wakitaka kuniacha niendelee ni juu yao, lakini benchi lile silikalii tena kumhukumu mtu.

Na wewe yale uliyomwambia Dama, uliyasema kwa kuwa ulimwamini babako. Mtoto akimwamini babake hana kosa. Kosa lile lichukue ulilete kwangu, lisiende nawe safarini.

Kesho tuktuk yenu itapita mbele ya kituo mkielekea feri, kama saa moja na nusu hivi. Utatuona tumesimama, mimi mbele ya watu, na pengine watakuwa wanapaza sauti. Nakujua. Utataka kumwambia dereva asimame, ushuke ukanitetee, kama ulivyonitetea siku zote. Usishuke, Mejumaa. Niache.

Lakini Katana alinisindikiza mpaka njiani nilipokuwa naondoka, akaniambia ameshapiga simu Changamwe anakoishi Dama, na Dama atakuja alfajiri, anataka kusikia kwa masikio yake. Atakuwa amesimama karibu na babake. Ikiwa utashuka, shuka kwa ajili yake.

Babako